Kengele za Njano Kando ya Mto

4 Machi

Shangazi, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila kifua kinasumbuliwa na vumbi la magazeti ya kukaushia mimea.

Nina jambo sijamwambia mtu yeyote, na kwenye simu ningenyamaza tu. Wiki jana kazini walitutuma tukusanye mimea mtoni, chini ya kitalu chako cha miche. Wewe ulikuwa sokoni. Nikayakuta maua yako ya kengele za njano yamejiotea katikati ya mawe, makubwa kwa madogo, mahali ambapo hakuna mtu angepanda. Nilikata tawi, nikalibana kwenye magazeti mpaka likakauka.

Unajua kazi yangu: nashona mimea mikavu kwenye karatasi ngumu, naandika lebo, imetoka wapi na kaikata nani. Lile tawi sijaliandikia. Nimelificha chini ya rundo. Mkuu wetu anasema ua la bustani likithibitika kwa lebo kwamba linajiotea nje na kusonga mimea ya mtoni, manispaa hupiga marufuku kuliuza. Na ua hilo ndilo lililonisomesha. Nifanyeje?

Mwanao


19 Machi

Kimya wangu, marahaba. Mgongo ni uleule, hauna jipya.

Ulidhani sijui? Zile Jumapili nilizokuaga naenda kwenye kikundi, nilikuwa mtoni nang'oa vitoto vya ua hilo. Nikikitoa kimoja, mvua inaniletea ukoo mzima. Wateja walitaka maua yasiyokufa, nikawauzia, sasa hayafi kweli. Nimechoka, mwanangu.

Andika lebo, na mahali pataje palivyo. Mimi nitauza miche ya matunda. Ikishindikana nitauza maneno, hayo sijawahi kupungukiwa nayo.

Shangazi yako


2 Mei

Shangazi, shikamoo. Pole na kazi. Nimekawia kuandika kwa sababu nilikuwa naona haya.

Baba amenieleza watu wa manispaa walivyokuja kuchukua miche yote ya kengele, nawe ukawakemea kwamba wanaibeba kama wezi wa kuku. Amesema pia kule mtoni sasa vijana wao ndio wanaong'oa.

Hapa mkuu alinisifu mbele ya wote. Alisema ni wachache wangeutanguliza mto mbele ya ndugu. Nikainamisha kichwa, unanijua.

Shangazi, mto sikuuwaza hata kidogo. Lebo niliiandika siku ileile niliyosoma habari za Jumapili zako. Nilijua nikiimaliza, hutakwenda tena kuinama kwenye yale mawe. Riziki yako ilikuwa inakatika, nami nilifurahi.

Waache waamini ni mto. Hili libaki kwako, hata baba asilijue.

Mwanao