Kitambaa cha Njia ya Makaburini

Nkowe,
Ruangwa, Lindi.
9 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Habibu,

Assalaam alaikum. Hujambo huko Mwanza? Na wifi Raudha, mgongo wake umepoa? Sisi huku tu wazima, alhamdulillah. Ufuta umekubali mwaka huu. Goti langu nalo limetulia, ila likiona kilima linakumbuka ugomvi wake.

Nakuandikia kwa sababu asante yangu haienei kwenye simu. Halafu kuna jambo la aibu, na hilo afadhali uliseme kwa kalamu, usimsikie mtu akikucheka.

Unakumbuka wapimaji walipokuja kupima bonde ili tuchimbiwe lambo. Fundi wao Selestini, kijana wa Mnero mwenye adabu zake, alituambia kupima mwinuko wa bonde zima kwa miguu ni kazi ya wiki mbili, na kijiji hakiiwezi gharama yake. Ile ndege ndogo isiyo na rubani humaliza asubuhi moja. Ila lazima ione alama chini, ambazo mwinuko wake umeshapimwa. Basi akatandika vitambaa vyeupe, vinne tu kwa kubana matumizi, akavipima, akasema kesho anarusha.

Ramani ilipokuja, ilionyesha makaburi yetu yatakuwa ndani ya maji ya lambo. Tukaambiwa mama afukuliwe, ahamishwe. Wallahi Habibu, siku tatu sikuwasha jiko.

Ndipo nikakupigia. Ukaniambia tusikubali kwanza, ndege haiwezi kuwa sahihi kuliko alama zake. Tumwombe fundi apime kwa miguu pale makaburini tu, ni kazi ya nusu siku na gharama yake ndogo. Ukauliza kama kuna mtu aligusa vitambaa. Nikajibu hakuna. Nilikudanganya, mdogo wangu. Ulivyouliza tu, nikajua aliyegusa ni nani.

Ni mimi. Jioni ile natoka kuni, nakuta nguo nyeupe imetandikwa kwenye njia ya makaburini, na mbuzi wa Mzee Rahimu kajilaza juu yake. Nguo kama sanda, ilaliwe na mbuzi? Nikamfukuza, nikaikung'uta, nikaitandaza juu ya kichuguu cha pembeni, hatua tatu tu, na mawe yake manne nikayarudisha vizuri. Nikaenda zangu nyumbani nimejaa sifa.

Kumbe kesho yake ndege ilipopita, ramani ikaamini kilele cha kichuguu ndiyo njia. Upande ule wote ukashushwa kwenye ramani zaidi ya mita moja, makaburi yakaonekana bondeni.

Selestini alipopima kwa miguu akaliona kosa. Akasimama mkutanoni akasema ni lake, angekagua alama zake kabla ya kurusha. Nilivumilia kidogo, nikashindwa. Nikasimama na kanga yangu mdomoni nikasema yote. Mwenyekiti alicheka mpaka kofia ikamdondoka! Selestini hakucheka. Alisema, "Mama, ungeniambia tu, ningeitoa njiani mwenyewe." Siku hizi akienda kijiji kingine anauliza wazee kwanza wapi asitandike, na anaongeza alama mbili za kuhakiki, hata kama gharama inapanda.

Lambo lilijaa mwezi wa tatu. Nilikwenda kuangalia kila siku, goti au si goti. Maji yalipanda, yakapanda, yakakomea chini ya mkorosho wa baba. Makaburini hapakulowa hata jani. Nilikaa pale nikalia, nikakuombea wewe na kichwa chako hicho cha shule.

Nisamehe kwa ule uongo. Na ahsante, ahsante sana, Mungu akuzidishie umri na riziki ya halali.

Shangazi Mwanaima anakusalimu, anasema umemsahau. Mwanangu Faudhia naye anawasalimu wote, na Mzee Rahimu pamoja na mbuzi wake.

Ukija Idi ya kuchinja, nenda makaburini moja kwa moja, usimuulize mtu. Mama yuko palepale ulipomshusha kwa mikono yako.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mwantumu