Soksi za Kukanyagia Banda

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Mimi mzima kwa rehema za Mungu. Kifua chako kinaendeleaje? Kuku mia nane wanataga vizuri, ila mimi roho juu. Nimevaa zile soksi za kitambaa mlizonitumia juu ya buti, nikatembea banda zima hadi ukuta wa mwisho zishike kinyesi, nikazifunga kwenye mfuko. Nazituma huko maabara kwenu. Mkikuta vijidudu vya salmonela, kuku wote wataondolewa wakauawe kweli? Jibu upesi.

Mama yako

9 Machi

Shikamoo mama,

Kifua kimepona. Hakuna salmonela. Soksi zilikuwa safi hata mwenzangu kanitania, "Mama yako anafuga kuku au malaika?" Endelea kuiuzia hospitali mayai. Tulia sasa.

Bintiyo

11 Machi

Marahaba mwanangu,

Nimecheka, halafu nikakumbuka kitu. Lile beseni la dawa mlangoni nililikanyaga nikiwa nimeshavaa soksi! Nilijiambia, mtu haingii kwa wenyewe na miguu michafu. Si dawa ile inaua vijidudu? Basi mmepima dawa, hamkupima kuku.

Nimesali nikitafuta namna ya kunyamaza, sikuipata. Wodi ya uzazi wanakula mayai yangu. Leo nimewaambia wasubiri. Trei zimejaa hadi chumbani, nazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nitumie soksi nyingine.

Mama yako

13 Machi

Shikamoo mama,

Kosa ni langu, sikukueleza. Hizi hapa. Kanyaga dawa na buti tupu, ingia, ndipo uvae soksi. Lakini mama, mkuu wangu hajui bado. Kuku wanakula, wanataga, hakuna aliyeugua. Ukisema tuyaache majibu ya kwanza yabaki hivyo hivyo, nitakuelewa. Ni jasho lako la miaka sita.

Bintiyo

15 Machi

Marahaba,

Usinijaribu mwanangu, nimeshajijaribu mwenyewe vya kutosha. Soksi zimo humu, zimechafuka inavyotakiwa. Mwambie mkuu wako kabla hujafungua mfuko. Na jibu la soksi hizi usiliandike kama binti yangu, liandike kama maabara.

Mama yako

21 Machi

Kwa mfugaji,

Salmonela imeonekana, banda zima. Gari la kuwaondoa kuku litafika Jumamosi saa tatu asubuhi.

Shikamoo mama. Nakuja Ijumaa. Watu wa gari usiwafungulie mlango peke yako.

Bintiyo