Kadi ya Mwanatumu

Jumapili, 9 Ramadhani 1329

Leo dukani kwa Mhindi nimeonyeshwa kadi. Kipande cha karatasi ngumu kutoka Bombei, kimechorwa ua, na juu ya ua wamenyunyiza kitu kinachometameta. Anasema huko watu hutumiana siku za sikukuu. Nimekigeuza huku na huku. Ua lenyewe baya! Jani la kushoto limelizidi la kulia. Mimi niliyekaa Siyu miaka saba kujifunza kutia nakshi misahafu nisingethubutu kumwonyesha mtu jani lile.

Narudi nyumbani namkuta jirani yetu Bi Hindu barazani na mke wangu, Umi. Ijumaa Bi Hindu anakwenda kwao Tchundwa. Akasema, bila kunitazama, kwamba huko Mwanatumu yuko kitandani tangu Shaabani. Kifua.

Mwanatumu ni mdogo wangu, tumbo moja. Huu mwaka wa tatu hatusemezani.

Nimekaa na habari hiyo mpaka alasiri. Kisha nimerudi dukani kuuliza kile kinachometa ni kitu gani. Ni ulanga tu, umesagwa! Nimenunua mawe yake mawili.


Jumanne, 11 Ramadhani

Ulanga unabanduka kama maganda ya kitunguu, lakini hautwangiki kwa urahisi. Nilikichukua kinu cha Umi cha bizari. Sikumwuliza. Jana kwenye futari mchuzi wa samaki ukawa unameremeta.

"Kinu changu umekitia mawe? Yeo nitatwanga bizari kwa nini, kwa kitwa chako?"

Nimemwahidi kinu kipya. Adhuhuri msikitini mtu kaniuliza ndevu zangu zimeingia nini. Nikamwambia ni kazi. Ni kweli, ni kazi.


Jumatano, 12 Ramadhani

Karatasi mbili nimezigandisha pamoja, zimekuwa ngumu sawasawa. Pembeni nimezungusha msuko wa Siyu, mwekundu na mweusi, na katika kila jicho la msuko nimetia ulanga. Nimeushika kwa sandarusi, usipukutike hata ukitikiswa. Mistari yote imelingana. Nimepima kwa uzi.

Katikati peupe. Patakaa maneno.

Sijui niandike nini. Wanafunzi wangu wakisikia, watacheka — mwalimu hajui la kuandika!


Alhamisi, 13 Ramadhani

Bado peupe.

Niseme humu, maana humu hasomi mtu. Mama alipougua, Mwanatumu ndiye aliyemuuguza, kule Tchundwa. Aliniita mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye juzuu ya ishirini na sita ya msahafu wa watu. Nikasema nimalize. Mara ya pili nikasema zimebaki kurasa chache. Mara ya tatu sikujibu kitu. Nilifika siku ya pili baada ya maziko. Na badala ya kunyamaza, nikamgombeza mbele ya wafiwa, kwa nini hakuningoja! Alinigeuzia mgongo. Akaingia ndani.

Nilikuwa na haya, nikaigeuza kuwa hasira. Imenichukua miaka mitatu kuyaandika maneno haya sita.


Ijumaa, 14 Ramadhani

Nimeandika! Kwa zafarani na gundi kidogo. Wino mweusi ni wa vitabu vya watu, nami nilitaka rangi inayong'aa. Juu Bismillahi. Chini yake:

Idi njema, Mwanatumu. Uliniita mara tatu, sikuja. Kosa ni langu.

Herufi ya kwanza ya sentensi ya mwisho imepinda kidogo. Nimeiacha hivyo hivyo. Yeye hakusoma, lakini mumewe Famau anasoma, atamsomea. Naona ni afadhali asikie kwa sauti ya Famau kuliko yangu. Umi ameitazama kadi kwa muda mrefu, hakutaja kinu.

Nimemkabidhi Bi Hindu, imefungwa kitambaani. Nikamwambia, mpe Mwanatumu, mwambie imetoka kwangu. Basi. Hakuniuliza kitu.


Ijumaa, 21 Ramadhani

Hakuna habari. Nimenakili kurasa mbili, moja nimeichana.


Jumatatu, 24 Ramadhani

Bi Hindu amerudi.

"Kombe lako limefika, Mwalimu. Kaliosha kwa marashi, kalinwa lote, tone hakubakisha."

Kombe!

Famau hakuwepo, amekwenda Kiunga kuvua. Mwanatumu mgonjwa kaletewa maandishi ya zafarani kutoka kwa kaka yake, na kaka yake kwa miaka kumi anawaandikia wagonjwa aya kwa zafarani ili waoshe wanywe. Angedhani nini kingine? Mimi mwenyewe ningedhani hivyo. Makombe yote niliyowaandikia watu wa Lamu, na kwa ndugu yangu mgonjwa sikufikiri kuandika hata moja. Nilifikiria msuko tu.

Ameyanywa. Maneno yangu yote, mistari mitatu, na hata neno moja hakulisikia.


Jumanne, 25 Ramadhani

Sikupata utulivu. Ulanga ni jiwe! Na ule wekundu wa pembeni je? Nani amewahi kunywa vitu hivyo na kifua kibovu? Nimemwuliza Umi kama Bi Hindu alimwona Mwanatumu baada ya kunywa. Alimwona, mgonjwa alimsindikiza mpaka mlangoni. Lakini hiyo ni saa ileile.

Na jambo jingine linaniuma zaidi. Alidhani anakunywa maneno ya Mungu, kumbe anakunywa makosa yangu.

"Bismillahi si ilikuwako yuu?" kasema Umi. "Basi, imetosha."

Simpingi. Namwombea dua kila sala.


Jumamosi, 29 Ramadhani

Amepona! Au anapona. Mtu wa Tchundwa kaleta kapu la viazi na salamu: Mwanatumu ameinuka, anapika mwenyewe. Anasema mwambieni kaka limenifaa, aniandikie jingine.

Kaka. Mara ya kwanza tangu maziko.

Nimetoa karatasi, nikaloweka zafarani. Nikiandika aya kama alivyoomba, atakunywa, atashukuru, na tutakuwa tumepatana juu ya jambo ambalo halijasemwa. Ni rahisi. Nimeufikiria urahisi huo mchana kutwa. Nikiandika yale yale ya kadi, atayanywa kama dawa, nami nitakuwa mwongo.

Zafarani imekauka sahanini. Nimemwambia Umi nitakwenda mwenyewe baada ya Idi. Kaanza kupepeta unga wa mikate ya kuchukua, hata sijamaliza kusema.


Jumatano, 3 Mfungo Mosi. Tchundwa.

Nimefika asubuhi. Mwanatumu amekonda, lakini sauti ni ile ile. Kanipa mkono, kaniuliza hali ya Umi na watoto, kaniwekea kahawa na tende. Famau amerudi kutoka Kiunga, kakaa nasi, anazungumza habari za nyavu ili pasiwe kimya. Mtu mwema.

Nilipoinua macho nikaiona kadi. Imetundikwa ukutani juu ya kitanda! Aliosha katikati tu, kwa kidole, kwa uangalifu. Msuko wangu mzima, ulanga wote upo, sandarusi imeshika. Nilihangaika bure. Na katikati peupe kabisa, kama siku ile nilipokosa la kuandika.

Kaona ninakotazama. Kaitungua, kaniwekea mapajani.

"Famau kanambia kombe halitiwi nakshi," kasema. "Hapano paliandikwa nini? Nisomee, niyue nimekunwa nini."

 

Nikasema ngoja nimalize kahawa. Kahawa nikaimaliza. Nikasema natoka kidogo barazani nipate hewa. Daftari hili lilikuwa mfukoni, na sasa naandika, mstari juu ya mstari, mwandiko mzuri kabisa. Kadi iko gotini. Hakuna mtu anayeweza kunilaumu, naandika tu.

Ananiita. "Kaka!"

Nimesikia. Nimalizie huu mstari tu, yamebaki maneno ma—

Anaita tena. Hiyo ya pili. Naweka kalamu