Kofia Iliyopimwa kwa Kabichi

Jumanne, 3 Machi 1987

Cherehani imenikataa tena. Kila nikifika kwenye kona ya bibu, uzi unakatika. Mwalimu Rhoda anasema mguu wangu una hasira, nikanyage polepole. Mguu hauna kosa. Mwenye hasira ni mimi.

Darasa letu la ushonaji liko kwenye ukumbi wa kanisa hapa Kitale, Jumanne na Alhamisi. Wanaoanza wote hushona vitu vya watoto wachanga: bibu, nepi, kofia, kigauni cha flana. Kitambaa kinachoingia ni kidogo, ukiharibu hujaharibu sana. Wenzangu watapeleka vyao sokoni. Nimesema hata mimi nitauza. Uongo mtupu. Tumbo bado linafichika chini ya sweta.

Alhamisi, 12 Machi

Leo kofia. Hakuna aliyekuwa na mtoto wa kupimia, basi Mwalimu Rhoda akaleta kabichi kutoka kwao Kapsokwony. Alichagua ndogo, ya mviringo, akasema kichwa cha mtoto mchanga ni hicho hicho. Kabichi ikapita mkono kwa mkono, kila mtu anaivisha. Yangu iliingia vizuri. Nikafunga kamba pale kidevu kingekuwa. Nilicheka, halafu machozi yakatoka. Nikawaambia ni vumbi la flana.

Kabichi tuligawana. Tumeila na ugali. Mume wangu Wafula alisema ni tamu, hakujua ilikuwa na kofia mchana.

Jumamosi, 21 Machi

Niandike mara moja nisirudie. Mimba ya kwanza ilitoka. Mtoto wa pili alizaliwa mzima, mvulana. Kabla hajafika tulikuwa tumemnunulia seti ya manjano dukani, nikaitundika ukutani, kila mgeni akaiona na kuisifu. Hakumaliza wiki mbili. Tulimzika kwao Wafula, Bungoma, akiwa ameivaa.

Kwetu mtoto haandaliwi nguo akiwa tumboni. Najua. Nimekulia Moi's Bridge, mbali na wazee wetu, lakini si ati sikufunzwa. Ile seti ya manjano ilikuwa ujuaji wangu na Wafula. Sasa narudia tena, na safari hii nashona kwa mkono wangu mwenyewe. Mbona? Kwa sababu nikikaa bure nawaza. Nikishona naangalia sindano.

Nguo zake nikizifua naanika jikoni, mlango umefungwa. Zinanuka moshi. Afadhali moshi kuliko macho ya watu.

Alhamisi, 26 Machi

Nimeshona mikono miwili ya kushoto. Mwalimu Rhoda alikitoa kile kigauni kwenye mashine, akakiinua darasa lote lione. Nilitamani sakafu inimeze. Kisha akanionyesha: nguo ya mtoto mchanga mshono unalala nje, usiguse ngozi, na mbele hakuna vifungo, ni kamba. Nikafumua. Nikashona upya. Sasa kimekaa. Kwapa la kulia tu ndilo silipendi, mshono umekaribia sana ukingo.

Jumapili, 5 Aprili

Mama mkwe amekuja kutusaidia kupanda mahindi. Amekuja na ndizi na habari za Bungoma. Nafula, mke wa mdogo wake Wafula, mtoto wake anaendelea vizuri. Anaitwa Barasa, amezaliwa juzi juzi na tayari ana mashavu kama ya chifu. Nilifurahi. Pia niliumia. Vyote viwili.

Tumbo ameliona kabla hajaketi. Alinichukulia jembe mkononi akaliweka nyuma ya mlango.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Nilienda kuteka maji. Kurudi, mama mkwe amekaa kitandani kwangu, sanduku liko wazi, nguo zote ziko mapajani mwake. Bibu, nepi, vigauni, kofia. Alikuwa anazipapasa mishono. Nikasalimia. Aliuliza jambo moja tu.

"Huyu mtoto unamtangazia nani?"

Akazikunja moja moja, vizuri, akazitia kwenye kikapu chake chini ya ndizi zilizobaki. Na kesho anarudi Bungoma.

Nilimngoja Wafula aseme neno. Alikuna kichwa akasema, usikate kanzu kabla ya mwana kuzaliwa. Methali ya insha! Mtu anaweza kufungua injini ya trekta akairudisha yote, lakini akiwekwa kati ya mama na mke anakumbuka insha. Leo amelala bila mboga.

Jumanne, 14 Aprili

Ameondoka. Alinishika mkono kwa muda mrefu. Mimi sikuukaza wangu.

Atazichoma. Najua. Baada ya yale mazishi alichoma hata shuka.

Alhamisi, 30 Aprili

Nilirudi darasani mikono mitupu. Mwalimu Rhoda akauliza kazi yangu iko wapi. Nikasema nguo zimeuzwa zote. Akanipongeza, akanipa flana nyingine nikate. Nimekataa. Nimesema nataka kujifunza foronya.

Sasa nashona foronya. Kona nne, basi. Mtu hawezi kuvunjika moyo kwa foronya.

Alhamisi, 14 Mei

Mtoto anacheza sana. Hasa nikikanyaga cherehani. Nikisimama, anasimama.

Naogopa. Nimeandika. Naogopa kwamba mama mkwe ana haki, kwamba nimeshamtangaza na kifo kimesikia. Halafu namchukia kwa kunifanya niogope. Halafu nakumbuka alivyokuwa anapapasa ile mishono, taratibu, na sijui nimweke wapi.

Jumapili, 24 Mei

Wafula alienda kwao kuona ng'ombe mgonjwa, amerudi jioni. Nikamuuliza kama ameona nguo zangu. Akaangalia viatu. Akasema ng'ombe amepata nafuu.

Kwa hivyo zimechomwa. Kwa nini asiseme tu?

Ijumaa, 12 Juni

Amezaliwa jana asubuhi, hospitalini. Msichana. Mzima. Analia kwa sauti nzito, si ya kike kabisa.

Nesi aliniuliza nguo za mtoto ziko wapi. Nikasema sina. Akauliza tena, akidhani sijasikia. Nikatoa leso yangu na shati kuukuu la Wafula. Akasonya. Alisema mbele ya wodi nzima kwamba siku hizi wanawake wanakuja kuzaa kama wanaokwenda mtoni. Mama wa kitanda cha pili alikuwa na seti nyeupe yenye utepe. Niligeukia ukuta. Mimi ninayejua kushona! Mimi niliyepima kofia! Binti yangu amefungwa kwa shati lenye harufu ya girisi.

Nimekaa nikisikiliza anavyopumua. Sitaki kumwangalia sana. Yule mwingine nilimwangalia sana.

Jumamosi, 13 Juni

Mama mkwe amekuja. Wafula alikuwa nyuma yake, amebeba kikapu, haniangalii.

Akamshika mtoto kwanza. Akamnusa kichwani. Halafu akaniambia nifungue kikapu.

Nguo zangu. Zote. Lakini si zile. Flana imefifia kwa kufuliwa. Bibu ina madoa meusi ya utomvu wa ndizi, yale yasiyotoka hata ufanyeje. Kofia imelegea. Zinanuka moshi, maziwa na mtoto wa mtu mwingine. Na kile kigauni, kwapa la kulia, kimeshonwa kwa mkono na uzi mweusi mnene wa magunia.

Nilizigeuza geuza bila kuelewa. Ndipo akaketi kwenye ukingo wa kitanda akaniambia, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posho mill kusaga mahindi. Kwamba siku ile ile aliyofika Bungoma alimpelekea Nafula, akamwambia mvishe Barasa. Kila siku. Anyonye nazo, azitapikie, alazwe nazo mavumbini. Barasa alikuwa amezijaza mpaka kwapa likapasuka, ndipo akalishona yeye mwenyewe.

"Zilikuwa mpya sana," akasema. "Sasa ni nguo ya zamani. Nguo ya zamani imeshajua mtoto anayekaa. Hakuna mtu anaiangalia."

Nililia pale pale, wodi yote ikaona. Hata huyo nesi. Sikujali.

Kisha akaongeza kwamba nimwambie mwalimu wangu lile kwapa halikuwa kazi.

Wafula ndiye nimemgeukia. Kumbe aliona. Mwezi uliopita alimkuta Barasa amevaa kofia yangu, na mama mkwe akamwambia akifungua mdomo atamkatalia uji. Mwanamume mzima wa trekta! Nitamsamehe, lakini si leo.

Nimemvisha. Kofia inamzidi, inaanguka hadi kwenye nyusi. Barasa ana kichwa cha kabichi kubwa.

Jumatano, 24 Juni

Tuko nyumbani. Mama mkwe analala na sisi. Jina ni Nanjala, ni mtoto wa miezi ya njaa. Ghala letu lina magunia, lakini mahindi ya shamba hayajakomaa, na jina ni jina.

Leo sikushona, sikupika, sikuongea. Mama mkwe anajua ni kwa nini. Mvulana aliondoka akiwa na umri huu. Tulikaa na Nanjala kati yetu mchana kutwa, tukipokezana. Alinyonya. Alilala. Alijinyea mara nyingi sana. Kila mara mama mkwe alifurahi kuliko mimi.

Jumamosi, 27 Juni

Siku ile imepita.

Nimepunguza kofia. Nimetia lastiki nyuma, legevu, isimuache alama. Kwapa la uzi mweusi sikuligusa. Linakwaruza kidogo kwa nje, ndani ni laini, nilipitisha kidole nikahakikisha. Mwalimu Rhoda akiliona atanisimamisha mbele ya darasa. Na anisimamishe.

Mama mkwe alifua asubuhi. Nikaanza kukaza kamba ya jikoni kama kawaida yangu. Akapita na beseni hadi nje, akaanika zote kwenye ua, upande wa barabara, bibu yenye madoa mbele kabisa. Watu wa kutoka sokoni walipita wakiziona. Mmoja akauliza kama tuna mtoto, na mama mkwe akamjibu kwamba ndiyo, yuko, ni wa hapa.

Nilisimama mlangoni na Nanjala. Baadaye mvua ikaanza bila kupiga hodi, tukakimbia sote wawili kuzianua.