Kitambaa cha Meza Kuu

Jumamosi, Mkolani

Na bado anajiita mlinzi wa mazingira.

Wiki nzima nawafundisha vijana wa kambi kuvua kwa ndoano na kuwarudisha mtoni sato wachanga. Jioni hii mkuu wetu wa kambi katuwekea mezani wachanga haohao, wamekaangwa. Kawazoa kwa chandarua cha mbu.

Neema akaniuliza, "Mwalimu, si ndio wale tuliowaachia asubuhi?"

Mkuu akacheka. "Kuleni, samaki ni samaki."

Chandarua nimekikuta nyuma ya jiko, bado kina magamba. Naogopa atanifukuza. Basi anifukuze.

Kesho wazazi wanakuja kumsikiliza akihubiri utunzaji wa mto. Kupamba meza kuu nimepewa mimi.

Kitambaa ninacho.