Ratiba ya Marekani Niliyomtungia Mwanangu

Ijumaa, baada ya maghrib. Jedda.

Leo joto limeninata mwilini kama kanga iliyotoka majini. Kiyoyozi cha sebuleni kinanguruma tu, baridi haileti. Mdomo wangu mtamu, tumbo limejaa hata kuinama siwezi, na moyo una furaha nyingi kuliko ninavyoweza kukaa nayo peke yangu. Basi nimefungua simu nikuandikie wewe, shajara yangu, ukurasa ambao mtoto wa dada yangu alinitengenezea akaniambia, "Khalti, andika humu, utupumzishe masikio."

Majina ya watu nimeyabadilisha kidogo. La mwanangu nimeliacha. Mwanangu anaitwa Maryam na sioni sababu ya kumficha.

Mie skuli nilifika darasa la sita. Nasema mapema ili asije mtu kunisahihisha. Lakini Maryam ana digrii mbili, na zote mbili nimezitundika sebuleni, usawa wa macho ya mgeni akishakaa.

Kazi yake iko Riyadh, Sulimaniyah, kwenye ofisi ya vioo vitupu. Kampuni yao inafunga majokofu makubwa ya kuhifadhia tende, majokofu ya ukubwa wa nyumba. Maghala yao yako Sulay, huko kwenye malori na vumbi, na mwanangu huingia humo na kofia ngumu juu ya mtandio, anawaelekeza wanaume waweke nini wapi. Nina picha. Mtaa mzima umeshaiona.

Sasa, bosi wake, mzee wa Kisaudia wanayemwita Abu Turki, akaamua kwenda Marekani kununua mashine mpya, na akamchukua Maryam. Chicago kwenye maonyesho, Houston kiwandani, New York kutia saini. Wa tatu wao alikuwa mpwa wa bosi, kijana mwenye manukato mengi kuliko kazi. Maryam alinieleza kabla hajaondoka: kiti cha mudiri, yaani mkuu wa manunuzi, ki wazi. Safari ikienda vizuri, anakaa yeye. Ikiharibika, anakaa mpwa.

Kwa hiyo nilijua. Asije mtu kusema sikuambiwa.

Ofisi iliwapa karatasi iliyotolewa mtandaoni, mambo ya kufanya mtu aliyekwenda kikazi kwenye miji mikubwa ya Marekani akipata nafasi. Chicago upande boti mtoni utazame majengo, halafu upande ghorofa ya juu kabisa ukasimame juu ya kioo uwaone watu chini kama sisimizi. Houston ukaangalie vyombo vya kwendea mwezini. New York ukatazame mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, kisha utembee bustanini. Maryam alinitumia. Nikaisoma yote, nikairudia tena.

Hamna hata mtu mmoja wa kwenda kumwamkia!

Sasa mtu atakwenda mji akazungumze na majengo? Mie Riyadh nimekwenda mara nyingi, na ukiniuliza Riyadh kuna nini, nitakwambia kuna Bi Salma, kuna watoto wa Bi Salma, na kuna yule mkwe wao asiyesalimia. Majengo yapo, sikatai. Lakini jengo halikuulizi umekula nini.

Basi nikamtungia ratiba yangu. Chicago akampe pole binamu yangu Asha aliyefiwa na mumewe, maana tangu msiba ule hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumpa mkono uso kwa uso. New York akapeleke udi kwa mke wa kaka wa shoga yangu. Houston sikuwa na mtu, na hapo ndipo nilipokosea. Nilimtajia Houston jirani yangu wa ghorofa ya juu, Bi Zuwena.

"Houston?" akasema, kikombe hakijafika mdomoni. "Si ndiko aliko Seif, mtoto wa marehemu dada yangu! Atampelekea halua. Kidogo tu."

Kidogo chake kilishuka kwa lifti na mtu wa kukibeba, nikakituma Riyadh pamoja na udi.

"Mama, nakwenda kikazi," Maryam akaniambia kwenye simu. "Nina sanduku moja."

"Kwani halua itakuzuia kufanya kazi?"

Akaniaga. Nilidhani amekubali.

Chicago walipata mchana mmoja wa mapumziko. Bosi na mpwa wakaenda kwenye boti pamoja na watu wa maonyesho. Mwanangu, kwa heshima aliyolelewa nayo, akachukua teksi mpaka kwa Asha. Mlango akafungua mwanamume mmoja mpole. Maryam akamdhania shemeji yake Asha. Akaingia, akamkumbatia Asha, akaanza kumwombea marehemu, sauti chini, macho chini, kama nilivyomfundisha. Asha akawa anamkonyeza. Maryam akaona ni uchungu, akazidisha dua. Akamsifu marehemu, kwamba mwanamume kama yule Asha hatampata tena.

Kumbe aliyefungua mlango ndiye mume. Mume mpya! Asha ameolewa, na habari haijafika Jedda. Na yule bwana, maskini ya Mungu, alikuwa amekaa hapo hapo kwenye kochi, anaitikia amina.

Maryam alinipigia simu kutoka chooni kwao.

"Mama! Kwa nini hukuniambia?"

"Mwanangu, mie mwenyewe ndo nasikia kwako. Ni mtu wa wapi?"

"Mama!"

"Anafanya kazi gani?"

Akanikatia. Nikawapigia watu wengine wawili kuwapa habari, maana harusi si kitu cha kuficha, kisha nikaanza kufikiria Houston.

Houston, Seif hakungoja kupelekewa halua. Mie ndiye niliyempa jina la hoteli, nakiri. Mtoto wa kwetu afike mji wenye ndugu, akalale hotelini kama hana kwao? Seif akaja na mkewe, na kanzu na kofia, akaingia mpaka ukumbini, wakati Maryam amekaa na bosi na wale wenye kiwanda, makaratasi yametandazwa, wanajadiliana bei.

"Sanduku lako liko wapi?" akamuuliza. "Twende nyumbani, chumba tayari."

Maryam anasema alitamani sakafu ifunguke immeze na kiti chake. Wale wenye kiwanda walidhani ni askari wamekuja kumkamata. Mpwa wa bosi akawa anacheka ndani ya kikombe. Abu Turki akauliza kwa Kiarabu huyu nani, na Seif, ambaye amezaliwa hapa hapa Jedda, akamwamkia kwa Kiarabu cha kwetu, akambusu bega, akamwambia na yeye asitoke jasho bure, biriani iko motoni, twende sote, yalla.

Mzee wa watu alikuwa siku zote hizo anakula mayai na mkate. Akakusanya makaratasi yake akainuka.

Mpwa alikataa. Alikuwa na tikiti ya vyombo vya mwezini.

Basi bosi wa mwanangu akala biriani Houston, amekaa chini, viatu mlangoni, akaongezwa, akaongezwa tena, kisha akaegemea mto na kulala usingizi wa kukoroma mpaka maghrib. Na Maryam jikoni, hajui acheke au alie, anamsaidia mke wa Seif kuosha sahani. Digrii mbili hizo.

Mpwa aliporudi hotelini akawaandikia watu wa ofisini kwamba Maryam amegeuza safari ya kampuni kuwa ya kutembelea jamaa. Maryam akaona maneno hayo kwenye simu yake. Bosi alikuwa kimya. Kesho yake walikwenda kiwandani bosi kimya, New York wakatia saini bosi kimya, ndege yote ya kurudi bosi kimya.

Ndipo na mie nikanyamaza. Wanaonijua watajua hilo ni jambo zito.

Wiki hii nzima sikuuliza. Nilijua Jumapili bosi angemwita ofisini kwake. Jumapili ikapita, Maryam hakupiga simu. Jumatatu hakupiga. Nikipita sebuleni nazitazama digrii, naona kama nimezimwagia mchuzi. Bi Zuwena akawa ananiuliza halua ilifika salama, namjibu ilifika. Kile kiti mwanangu alikitolea jasho miaka, kwenye maghala ya Sulay, na mie nimekwenda kukifunga kwa halua.

Leo asubuhi kakanyaga mlangoni, kaja na ndege ya mapema, bila kuniambia. Nikampikia mandazi na mbaazi. Akala, akafuta mikono, akaniambia, "Mama, kaa."

Nikakaa.

"Kiti nimepata."

Nilipiga kigelegele mtoto wa jirani akaanza kulia.

"Subiri," akasema. "Nimepata kwa sababu nilijua mashine zile wamewauzia wengine kwa bei gani, na niliwabana mpaka wakashuka. Si kwa sababu ya biriani. Umesikia, Mama?"

Nikamwambia nimesikia. Na ni kweli, yeye ndiye aliyefanya kazi, nani mwingine. Lakini shajara, wewe na mie tunajua mzee yule alilala vizuri siku ile. Na mkewe, baada ya kusimuliwa biriani ile, amemtuma Maryam aniombe bizari. Halas, siongezi neno.

Kisha akafungua mkoba, akaweka juu ya meza kifurushi cha udi. Ule ule wa New York, na utepe wangu wa gundi bado juu yake.

Akanionyesha picha kwenye simu. Nilidhani ni mnara au daraja. Ilikuwa benchi bustanini, mkate ulioliwa nusu ndani ya karatasi, na ncha za viatu vyake. Hamna mtu.

"Hii ni New York," akasema. "Nilizima simu nikakaa hapa saa moja. Mama, wiki nzima ile, saa hiyo peke yake ndiyo niliyokuwa Marekani. Kwingine kote nilikuwa Jedda."

Naikumbuka saa ile. Nilimpigia simu mpaka kidole kikaniuma. Nilikuwa nimeshamuahidi yule mke wa kaka kwamba mtoto yuko njiani, na nikakasirika, nikasema kwa sauti kwamba siku hizi watoto wakipanda ndege wanasahau watu.

Hakuwa amesahau watu. Alikuwa amechoka nasi kidogo.

Niliitazama ile picha muda. Nikajaribu kukumbuka lini mie nimekaa mahali bila kuwa mama wa fulani, wifi wa fulani, jirani wa fulani, na mkate wangu mwenyewe mkononi. Sikupata. Sikuumia, lakini sikupata.

"Wananipeleka tena," Maryam akasema. "Mwezi ujao. Miji miwili." Akaitaja. Siitaji hapa. "Usimwambie mtu, Mama. Hata Bi Zuwena. Yaani hasa Bi Zuwena."

Nikamwapia.

Alaasiri kahawa ilikuwa kwangu, kama Ijumaa zote. Nilikaanga visheti jana, sinia zima, vinang'aa sukari. Wakaja wote. Nikawapa habari ya umudiri, hiyo ruhusa ninayo, wakashangilia, na mie nikashangilia kuwazidi. Maryam kajiegemeza mlango wa jikoni, kanikazia macho.

Bi Zuwena akaweka kikombe chini.

"Sasa mudiri si kila siku atakuwa angani? Safari ijayo wapi?"

Nikatia kisheti kizima mdomoni.

"Nakuuliza wewe, Mama Maryam. Ni Marekani tena?"

Nikatikisa kichwa hivi, si ndiyo wala si hapana, nikatia kingine.

"Maana nina mtoto wa shangazi yangu huko," akaendelea, na akautaja mji. Ule ule! Mmoja katika ile miwili! Nyumba kubwa, akasema, wana bustani, wana kuku, mume wake alivunjika mguu na hajaenda mtu kumtazama.

Shajara yangu, mguu uliovunjika. Hajaenda mtu. Jina la mji limekaa juu ya ulimi wangu kama punje ya moto. Nilimtazama Maryam, naye ananitazama, na uso wake si wa mudiri, ni ule uso wa alipokuwa mdogo akinisubiri kwenye geti la skuli, hajui kama nimekumbuka kuja.

Nikala kisheti. Nikala kingine. Wenzangu wakaanza kunisogezea maji. Bi Zuwena akasema, "Lo, huyu leo ana njaa ya wapi?" akageukia mambo ya bei ya kuku.

Nilikula mpaka sinia likaonyesha maua yake ya chini.

Walipoondoka Maryam alifunga mlango. Alikusanya vikombe, akapita nyuma yangu, akanibusu utosini. Sasa yuko chumbani anazungumza na simu, anacheka.

Daktari alishanikataza vitu vitamu. Kesho asubuhi nitapima sukari, na ikiwa juu, ajue mtu imepanda kwa ajili ya nani. Ila Ijumaa ijayo kahawa ni kwa Bi Zuwena, na yeye huweka karanga chache tu kwenye kisahani. Nitakwenda na mfuko wangu wa visheti.