Mkubwa wa Ambleford

Rujewa. Jumatatu, 14 Februari 1955

Maji yamekatwa juzi, Jumamosi tarehe 12, asubuhi. Mfereji wote. Naandika hapa nisije nikaambiwa baadaye kwamba nimekosea tarehe.

Mpunga una mimba. Ekari kumi na moja zangu, saba za wenzangu. Mfereji tuliuchimba wanawake tisa, mwaka ule alipokufa mume wangu, baba Mika. Hakuna mwanaume aliyeshika jembe. Walikaa ukingoni wakitucheka, halafu maji yalipofika wakaja kuomba.

Aliyekata ni Bwana Pelling, mzungu wa tumbaku huko juu. Amejenga ukuta wa mawe na saruji mtoni, maji yanageukia kwake. Nilipanda kwenda kuona. Ukuta mzuri. Umenyooka. Nikautazama kama mtu anayetazama kabati dukani. Sikulia, sikutukana. Nikarudi nikapika.

Penye njia panda ameweka kibao: AMBLEFORD. Mpishi wake anasema ndiko kwao bwana wake, Uingereza.

Alhamisi, 17 Februari

Barazani kwa jumbe. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

— Mama Mika, mtu wangu akikukosea, nitamwita. Mtu wa jumbe mwingine akikukosea, nitakupeleka kwa jumbe wake, tumalizane wakubwa. Lakini huyu mzungu si mtu wangu. Mkubwa wake yuko kwao.

— Kwao wapi? akauliza mmoja nyuma.

Nikasema: Ambleford.

Walicheka mpaka mwingine akajifuta machozi. Panda basi, mama, utafika jioni!

Wacheke. Jumbe hakukosea. Ndivyo tunavyofanya siku zote, hata mwizi ana mkubwa wake. Keshokutwa naenda Mbeya.

Ilomba, Mbeya. Jumamosi, 19 Februari

Nimefikia kwa shemeji Yotamu, mdogo wa marehemu. Ni mwalimu, Kiingereza anakijua.

— Ugonile, shemeji, akanisalimu. Nani kafa?

— Mpunga.

Nikamuuliza mkubwa wa Ambleford ni nani. Akadhani namtania. Kisha akaeleza: huko kila sehemu ina mtu wake mmoja, wenyeji wanampigia kura, anakwenda kuwasemea katika Parlamenti. Jina lake Yotamu halijui, ila barua ikiandikwa "Mjumbe wa Ambleford, Parlamenti, London" itafika.

— Basi andika.

— Shemeji! Huyo si jumbe wa Rujewa.

— Anawasemea watu wa Ambleford?

— Ndiyo.

— Pelling ni mtu wa Ambleford?

Akachukua kalamu.

Nilimwambia aanze vizuri. Huwezi kuingia kwa mkubwa ukaanza na mashtaka kama unayedai kuku wako. Unamsalimu, unauliza habari za baba yake na babu yake, na nani aliyemweka pale. Yotamu alisema Waingereza hawaandiki hivyo. Nikasema mwenye shida ni mimi.

Barua imekwenda kwa ndege.

Rujewa. Ijumaa, 11 Machi

Mpunga umekauka. Masuke yamesimama wima, hayana kitu ndani. Waridi, jirani yangu wa shamba la chini, amelia hadharani. Mimi nimekata nyasi za kuezekea.

Watu wanauliza: mkubwa wako wa Ulaya amejibu?

Mbeya. Jumanne, 5 Aprili

Amejibu!

Karatasi nzuri, maneno machache. Anaitwa Bwana Thornley. Anashukuru kwa salamu. Jambo la maji analiulizia. Na kwa kuwa nimeuliza habari za waliomtangulia, karani wake ameambatanisha kijitabu: Ambleford na wajumbe wake wote, tangu zamani za wafalme.

Yotamu aligeuza kijitabu mara mbili.

— Shemeji, wewe umeuliza kwa adabu, wao wamejibu kweli!

Ilomba. Jumapili, 10 Aprili. Pasaka

Baada ya ibada Yotamu amenisomea mpaka koo likamkauka. Mkewe akasema Yesu amefufuka leo na nyinyi mnasoma wazungu waliokufa.

Niliyoyashika ni haya.

Zamani Ambleford ilipeleka wajumbe wawili. Watu wake walikuwa zaidi ya elfu tatu. Wenye kura? Kumi na wanane! Wote wapangaji katika nyumba za tajiri mmoja, ukoo wa Lisle. Lisle akisema huyu, kumi na wanane wanasema huyu. Nilimwambia Yotamu arudie, nikadhani amekosea kusoma. Hakukosea. Watu elfu tatu, na anayechagua ni mwenye nyumba.

Mwaka 1832 sheria ikabadilishwa. Mjumbe mmoja akaondolewa, wenye kura wakawa mia tatu na kumi na moja. Lakini Lisle akabaki: baba, kisha mwana.

Sasa 1841. Ugomvi ulikuwa kodi ya ngano inayotoka nje, mkate ulikuwa ghali. Lisle kijana akapanda jukwaani kuomba kura. Msaga unga mmoja akauliza kutoka katikati ya watu: utaikataa kodi hii, ndiyo au hapana? Lisle akasema ni jambo pana, atalifikiria kwa faida ya wote. Msaga unga akauliza tena, maneno yale yale. Lisle akasema atalifikiria. Siku ya kura akashindwa. 158 kwa 139. Kura kumi na tisa! Na waliobaki, kumi na wanne, hawakwenda.

Kura zenyewe siku zile zilisemwa kwa mdomo. Unasimama mbele ya watu, unataja jina, linaandikwa. Yotamu anasema ilikuwa mbaya, tajiri alikuwa anajua nani wa kumfukuza kwenye nyumba. Labda. Lakini kila mtu alijulikana anamsemea nani. Hilo nimelipenda.

Baadaye mjukuu wa Lisle akarudi, akakaa mpaka akazeeka. Kisha muuza nguo. Kisha mwanasheria aliyelala kwenye kiti chake — kijitabu chenyewe kinasema! Na wanawake? Hawakupiga kura mpaka 1918, na hapo ni wenye miaka thelathini tu. 1918! Mimi nilikuwa nimeshazaliwa, nachunga mbuzi.

Basi haki ya kura hawakuzaliwa nayo. Nilikuwa nadhani wamezaliwa nayo, kama rangi yao.

Thornley huyu alishinda mara ya mwisho kwa tofauti ya kura 204. Ni chache. Mtu wa kura 204 anapaswa kusikiliza.

Mbeya. Jumamosi, 23 Aprili

Posta. Pelling mwenyewe, ana kofia mkononi. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

— Wewe andika kwa Thornley?

— Nimemwandikia mkubwa wako.

Alicheka, akaona sicheki, akaacha.

— Mama, ile bwana hapana mkubwa yangu. Mimi toka Ambleford zamani, kabla ya vita. Jina yangu hapana kwa kitabu ya kura. Sasa iko uchaguzi tena, mwezi ya tano. Mimi hapana kura. Kama wewe tu.

Kama wewe tu! Alisema hivyo, akaingia garini.

Nimekaa kwenye ngazi za posta mpaka jua likanipata. Kibao kimeandikwa Ambleford lakini Ambleford haimjui. Jumbe hana amri naye. Sasa mtu kama huyu anamjibu nani?

Rujewa. Jumamosi, 28 Mei

Uchaguzi wao ulikuwa juzi. Yotamu atauliza misheni kama kuna mwenye gazeti. Wengine, wenye maji ya mito mingine, wanavuna. Mimi nimenunua mchele wa kula — mimi! — kutoka kwa mmoja wa wale wanaume waliokaa ukingoni wakitucheka.

Mbeya. Jumanne, 21 Juni

Thornley ameanguka. Kwa tofauti ya kura 88. Aliyeshika nafasi yake ni Bwana Garrick, na ndiye aliyejibu.

Yotamu alisoma polepole, kama anayesoma barua ya msiba. Bwana Garrick ameliona faili la aliyemtangulia. Bwana Pelling hayumo katika daftari la wapigakura wa Ambleford. Mimi pia simo. Kwa desturi ya Parlamenti, mjumbe hashughuliki ila na shauri la mtu wa sehemu yake. Anasikitika. Ananishauri nimwendee mjumbe wangu mwenyewe.

— Mjumbe wangu mwenyewe ni nani, shemeji?

— Baraza la Dar es Salaam limeongezwa wajumbe mwaka huu. Kila jimbo lina watu wake mle.

— Walipata kura ngapi?

— Hakuna kura. Gavana ameteua.

— Kumi na wanane walikuwa wengi, basi.

Hakucheka. Alisema shemeji, uchovu huu utakuua, rudi ukalime mahindi. Pengine nitalima. Sisikii uchungu. Nasikia kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Iringa. Jumanne, 12 Julai

Bomani Mbeya waliniambia faili la maji liko Iringa. Nimelala kwa dada Severina. Anasema nimekonda, ameniwekea ugali wa watu wawili, amekaa kuhakikisha.

Ofisi ya maji. Karani anaitwa Saulo, kijana wa suruali iliyopigwa pasi. Alitaka niseme haraka. Nikasema haraka. Akafungua faili, akaonekana kushangaa kuniona, kama jina langu mle lilikuwa la mtu aliyehama.

Pelling ameomba haki ya maji ya mto kwa maandishi. Yote. Shauri litasikilizwa Mbeya, Jumatano tarehe 27. Likipita, ukuta ni halali, na mfereji wetu ni shimo tu.

— Na sisi je?

— Wenyeji mna mwakilishi, mama. Iko kwenye sheria.

— Nani?

— DC, mkuu wa wilaya. Yeye ndiye anayewasemea wenyeji katika mashauri ya maji.

— Tangu lini?

— Tangu sheria itoke. Kabla ya mimi kuajiriwa.

Nimepeleka barua London mara moja, nimesoma ukoo mzima wa Lisle, na mjumbe wangu alikuwa Mbeya muda wote, nyuma ya posta! Hakuna aliyeniambia. Jumbe pengine hakujua. Yotamu hakujua. Sijui kama mwenyewe anajua.

Severina amesema afadhali umempata. Ndiyo. Nimempata.

Mbeya. Jumatatu, 25 Julai

Tumekuja wanawake sita kati ya tisa. Wawili wamekufa, mmoja ni mgonjwa. Waridi amebeba suke moja la mpunga mkavu kwenye kanga. Nilimwambia aliache nyumbani, hakusikia.

DC alitupokea vizuri. Kiswahili chake safi kuliko changu. Nilianza na salamu, nikauliza wazazi wake kama wazima. Mama yake mzima. Kisha:

— Bwana, keshokutwa unatusemea sisi?

— Sheria inanitaka niangalie maslahi ya wenyeji.

— Utaupinga ukuta? Ndiyo au hapana?

Akasema ni jambo pana. Kuna tumbaku, kuna kazi kwa vibarua, kuna mpunga. Atalifikiria kwa faida ya wote.

Maneno yale yale. Miaka zaidi ya mia moja, bahari katikati, na maneno yale yale! Hata mkono aliuweka mezani hivi, kama anayetuliza paka. Waridi akatoa suke lake, akaliweka juu ya karatasi za DC. Hakuligusa. Hakulitupa pia.

Nikauliza tena. Akasema mama, umenisikia.

Nimemsikia. Wenzangu walitaka kurudi Rujewa usiku huu. Nikawasimulia kuhusu msaga unga, tumekaa Ilomba jikoni kwa mke wa Yotamu. Waridi akauliza: huyo msaga unga alipata nini? Nikasema sijui, kijitabu hakimtaji hata jina. Akasema: lakini aliuliza mara mbili.

Hakuna aliyerudi.

Mbeya. Jumatano, 27 Julai

Saa moja na nusu asubuhi. Naandika nikiwa kwenye ngazi za boma, karatasi juu ya goti. Baridi ya Julai, mikono haishiki vizuri. Kikao kinaanza saa mbili.

Tuko sita. Na watu wengine wamesimama kutazama, wa sokoni, wanafunzi wawili wa Yotamu, tarishi na ufagio wake. Sikuwaita. Wamekuja tu kuona wanawake waliokaa mlangoni.

Pelling amefika. Ametazama ngazi, hapakuwa na pa kupita, akakaa kwenye benchi ile ile aliyokaa Waridi, ncha ya pili. Amevua kofia. Wote wawili wanangoja mtu mmoja.

Karani wa boma ametoka kusema tuondoke njiani. Nikasema tutaondoka. Tunangoja jibu tu. Akasema Bwana DC atasema ndani, kwa wenye shauri. Nikasema hapana. Hapa nje, kwa mdomo, mbele ya watu, kila mtu ajue anamsemea nani. Nimemtuma maneno haya, na nimeyaandika hapa nisiyageuze:

Wewe ndiye mjumbe wetu. Hatukukuchagua, lakini hatuna mwingine, na wewe katika shauri hili huna watu wengine ila sisi. Hatuombi ufikirie. Utausemea mfereji wetu leo, ndiyo au hapana? Toka utujibu kabla ya saa mbili.

Karani ameingia. Mlango ameuacha wazi. Saa ya ukutani naiona kutoka hapa.